Zana Inayomfanya Mwanafunzi Aseme

Katika taaluma ya ualimu, zana za kufundishia na kujifunzia, ambazo walimu wa Kenya wamezoea kuziita nyenzo, ni kila kitu kinachotumiwa darasani ili somo limfikie mwanafunzi kwa macho, masikio au mikono yake, badala ya kumfikia kwa maelezo ya mwalimu peke yake. Ubao na chaki ni zana. Kitabu cha kiada, yaani kile kilichoandikwa kwa kufuata muhtasari wa somo ili darasa zima likitumie, ni zana. Vivyo hivyo kitabu cha ziada, kamusi, chati ya karatasi ya manila, kadi za silabi, redio, simu ya mkononi, na hata embe lililookotwa nyuma ya darasa. Katika masomo mengi zana huonyesha jambo lenyewe linalofundishwa, lakini somo la lugha halifuati njia hiyo, kwa kuwa lugha ndiyo inayofundishwa na ndiyo inayotumika kufundishia. Mwalimu wa jiografia akitundika picha ya Mlima Kilimanjaro, mlima ndio somo. Mwalimu wa Kiswahili akitundika picha hiyohiyo, somo ni yale ambayo mwanafunzi ataweza kuyasema, kuyasikia, kuyasoma na kuyaandika kuhusu mlima huo. Kwa hiyo zana ya lugha isiyoleta maneno kinywani mwa mwanafunzi, au kwenye kalamu yake, ni pambo la ukutani tu, hata kama imechorwa kwa ustadi mkubwa.

Fikra ya kufundisha lugha kwa kitu kinachoonekana ina umri mrefu. Mwaka 1658, mjini Nuremberg, mwalimu Jan Amos Comenius, mzaliwa wa Moravia, alichapisha kitabu cha watoto kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, kilichofundisha Kilatini na Kijerumani kwa michoro iliyotiwa namba, kila namba ikielekeza kwenye neno lake katika maandishi ya pembeni, ili mtoto asikaririshwe jina la kitu asichokijua. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na zana zake kabla ya shule za kikoloni. Chuoni, yaani katika shule za Kurani, mtoto aliandika herufi za Kiarabu kwenye ubao wa mbao kwa wino uliooshwa ukaandikwa tena, ilhali Kiswahili chenyewe kilipokewa barazani na jikoni, kwa ngano, methali na vitendawili. Kitendawili kinastahili kuangaliwa kwa makini kama zana ya lugha, kwa sababu hakimruhusu msikilizaji kukaa kimya: mtegaji huita, wenzake humjibu atege, fumbo hutolewa kwa picha iliyofupishwa, kisha kila mmoja hulazimika kukisia, kukosea, kubishana na, wakishindwa wote, kumpa mtegaji mji ili alitoe jibu. Walimu wengi hutafuta kwa gharama kubwa kifaa chenye sifa hizo, na hali bibi za wanafunzi wao walikuwa nacho bila kununua chochote.

Historia ya Kiswahili ina jambo la pekee kuhusu uhusiano wa lugha na zana zake. Edward Steere, mmisionari wa Unguja aliyekuja kuwa askofu, alichapisha mwaka 1870 mwongozo wa Kiswahili kwa wasomaji wa Kiingereza, akitegemea lahaja aliyoisikia kisiwani humo. Nusu karne baadaye serikali za kikoloni zilipotaka vitabu vya shule vya aina moja, zilikuta kwamba kila misheni inaandika kwa tahajia yake na kwa lahaja ya mahali ilipo. Mkutano wa elimu ulifanyika Dar es Salaam mwaka 1925, mwingine wa mwaka 1928 mjini Mombasa ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha ya vitabu, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyohusisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ikiwa na jukumu la kusawazisha tahajia na msamiati na kupitisha vitabu vilivyofaa kutumika shuleni. Kwa maneno mengine, Kiswahili sanifu chenyewe kilizaliwa na haja ya kitabu cha kiada. Faida yake haipingiki, kwani kitabu kimoja kiliweza kusomwa Kigoma na Lamu. Lakini wajumbe wa mwanzo wa kamati hiyo walikuwa Wazungu, na mtoto wa Mombasa, Lamu au Pemba aliyekuja shuleni na lahaja ya mama yake alikuta kitabu kinaihesabu kuwa kosa. Hadi leo kila kitabu cha lugha hubeba uamuzi wa aina hiyo ndani yake, kwa maana huchagua ni Kiswahili cha nani kitakachoitwa sahihi, na mwalimu asiyelijua hilo huweza kumnyamazisha mwanafunzi ambaye angekuwa msemaji bora wa darasa.

Zana rahisi kuliko zote ni vitu halisi, yaani vitu vyenyewe na si picha zake, na kwa Kiswahili manufaa yake yanapita kule kujua majina. Muundo wa Kiswahili umesimama juu ya ngeli, yaani makundi ya nomino yanayotawala umbo la kitenzi, kivumishi na kionyeshi vinavyoambatana nazo, na upatanisho huo wa kisarufi ndio unaowashinda wageni wa lugha, awe mtoto wa Kimasai anayeanza shule au mtu mzima aliyekuja Zanzibar kujifunza. Njia iliyozoeleka ni kutundika jedwali lenye safu za A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I na kuendelea, kisha darasa likaimba viambishi kama jedwali la kuzidisha. Mwalimu mwingine huingia na kikapu chenye embe, kijiko, mkate, ndizi, ufunguo na unga kidogo kwenye kifuko. Akiinua embe, wanafunzi husema embe hili limeiva. Akiinua mawili, husema maembe haya yameiva. Ufunguo huu ukifichwa umepotea, funguo hizi zikiwekwa mezani zimepatikana. Kifuko kikiinamishwa, unga huu unamwagika, na hapo mwanafunzi mwenyewe hugundua kwamba unga hauna wingi wa kuhesabiwa. Kisha picha ya kinyonga huwekwa kando ya kijiko, na darasa linaloanza kusema kinyonga hiki husahihishwa kwa swali moja tu, kama kinyonga ni mnyama au ni chombo, hata wote wakaelewa kwa nini ni kinyonga huyu. Jedwali la ngeli lina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni baada ya kikapu, wakati mwanafunzi ameshasikia ruwaza kwa masikio yake na anahitaji kuipanga akilini.

Vitu halisi vina mipaka, na picha zina mipaka zaidi. Picha ya mtu aliye wima haiwezi kumwonyesha mwanafunzi tofauti ya anasimama na amesimama, kwa sababu picha haitembei, na tofauti hiyo inahusu kama tendo liko njiani au limefika na hali yake imebaki. Wageni wengi wanaojifunza Kiswahili kwa vitabu hukaa miaka wakisema mtu analala wakati amekwisha kulala, au anavaa kanzu wakati kanzu imo mwilini tangu asubuhi, wakidhani kwamba kiambishi -me- ni cha mambo yaliyopita tu. Hapa zana inayofaa ni mwili: mwanafunzi mmoja huinuka polepole huku wenzake wakisema anasimama, akishafika juu na kutulia wakasema amesimama, na tatizo ambalo kurasa tatu za sarufi hazikulimaliza hueleweka kwa dakika moja. Kwa maneno yasiyoshikika, kama amana, aibu au subira, hakuna kitu cha kuinua wala cha kuigiza kwa haraka, na mchoro wa uso uliokunjwa unaweza kupotosha kuliko kusaidia; hayo hupata maana ndani ya kisa, na ndiyo sababu hadithi iliyochaguliwa vizuri haiwezi kuchukuliwa kuwa burudani ya mwisho wa kipindi.

Katika madarasa ya awali, kadi za silabi zimewatumikia vizuri watoto wa Afrika Mashariki, kwa sababu tahajia ya Kiswahili inalingana karibu kikamilifu na matamshi. Mtoto aliyezijua ba, be, bi, bo, bu, na nyinginezo, anaweza kuunda babu, bibi na bubu kwa kuzipanga kadi juu ya dawati, na walimu wengi huzikata kutoka kwenye maboksi matupu ya dukani, kwa kuwa karatasi ya manila haidumu mikononi mwa watoto. Hata hivyo, wepesi huohuo wa tahajia una hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mtoto wa Kisukuma au wa Kiha aliyeingia shuleni bila Kiswahili anaweza kujifunza kutamka kila neno la ukurasa kwa ufasaha, sauti ikipanda na kushuka mahali pake, bila kuelewa alichokisoma. Mkaguzi anayesikiliza mlangoni hupita akiwa ameridhika. Kwa hiyo kadi za silabi zinahitaji zana nyingine inayozifuata karibu, kama vile sentensi za kutenda, ambapo mtoto husoma kimya maneno fungua dirisha la nyuma kisha akaenda kulifungua, na mwalimu akajua bila shaka yoyote kama maana imefika.

Swali la kitabu cha kiada ni kubwa zaidi, kwa kuwa ndicho kinachogharimu fedha nyingi na ndicho kinachotumainiwa kuliko zana nyingine zote. Nchini Tanzania kazi ya kuandaa vitabu imepita mikononi mwa serikali, ikapewa wachapishaji binafsi katika miaka ya 1990, kisha ikarudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na kila badiliko limeambatana na malalamiko kuhusu makosa au uhaba. Lakini kuna swali lililo chini ya hilo la nani aandike, nalo ni kama kitabu kikishafika humwongezea mwanafunzi kitu. Utafiti uliofanywa na Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin huko Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, ulilipima swali hilo kwa namna ya wazi: kati ya shule 100, shule 25 zilizochaguliwa kwa kura zilipewa vitabu vya kiada mwaka 1996, kisha matokeo yakalinganishwa. Kwa wastani, alama za wanafunzi hazikupanda. Waliofaidika ni wale tu waliokuwa tayari mbele ya wenzao, na sababu iliyoelezwa inagusa moyo wa mada hii, kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, na wengi wao hawakuweza kuvisoma. Uchunguzi mwingine wa eneo hilohilo, uliolinganisha shule 89 zilizopewa chati kubwa za kufundishia na nyingine 89 ambazo hazikupewa, haukukuta tofauti ya maana katika mitihani.

Itakuwa kosa kuhitimisha kwamba vitabu havina kazi. Tanzania ilipata ushahidi wake katika mradi wa KiuFunza, uliofanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za msingi: baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, fedha ambazo sehemu yake ilinunua vitabu na vifaa, shule nyingine walimu wake waliahidiwa malipo kwa kila mtoto ambaye angefaulu majaribio ya Kiswahili, Kiingereza na Hisabati, na kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua matokeo, lakini pale vifaa vilipokutana na mwalimu mwenye sababu ya kuvifungua, watoto walijifunza zaidi kwa kiwango kilichozidi jumla ya mipango hiyo miwili ikitumika mbalimbali. Kenya nayo, kuanzia mwaka 2015, ilianzisha mpango wa Tusome katika madarasa ya mwanzo, ambapo kila mtoto alipewa kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, mwalimu akapewa mwongozo unaoonyesha somo la kila siku hatua kwa hatua, na maafisa wa elimu wakawa wanaingia madarasani kutazama na kumshauri mwalimu. Tathmini zikaonyesha kwamba idadi ya watoto wanaoweza kusoma imeongezeka. Vitabu vya Busia na vya Tusome havikutofautiana kwa rangi ya jalada. Vilitofautiana kwa lugha iliyomo ndani, na kwa kuwapo kwa mtu aliyefundishwa namna ya kuvitumia na aliyerudiwa tena na tena mpaka akazoea.

Hata ndani ya kitabu kizuri, sehemu inayoamua mengi ni maswali. Kifungu cha ufahamu kuhusu safari ya basi kikiuliza basi liliondoka saa ngapi, mwanafunzi atatafuta neno liliondoka, atanakili sentensi yake, na atapata alama bila kuelewa lolote. Kikiuliza kwa nini abiria wa nyuma alikasirika, nawe ungekuwa kondakta ungemwambia nini, hakuna sentensi ya kunakili. Kuna hali ya kuelewa, kuna mtu wa kumheshimu au kumtuliza, na kuna lugha ya kuchagua. Mwalimu asiye na uwezo wa kubadilisha kitabu anaweza kubadilisha swali, tena bila gharama.

Wataalamu hutumia istilahi matini halisi kwa maandishi ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya darasa, bali kwa shughuli za watu, na Kiswahili kina utajiri mkubwa wa matini hizo. Kadi ya kuomba mchango wa harusi, tanzia iliyobandikwa ukutani, tangazo la mnada, karatasi ya maelekezo ya dawa, kichwa cha habari cha gazeti, maandishi ya khanga na ya ubavuni mwa daladala, yote yanaweza kuingia darasani kwa bei ya kuyaokota. Yana faida ambayo kitabu hupata tabu kuitoa, yaani kumfundisha mwanafunzi rejesta, ambayo ni namna lugha inavyobadilika kulingana na mahali, shughuli na uhusiano wa wanaozungumza. Kadi ya mchango haisemi leta fedha. Humsalimu mwalikwa, humtajia familia inayofurahi kumwarifu, humpa heshima, kisha ndipo hutaja tarehe ya mwisho ya kuwasilisha. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akipewa kadi hiyo na tanzia kwa pamoja, akaulizwa kwa nini moja inasema kuungana nasi na nyingine inasema kutuondokea, huanza kuona kwamba lugha ni adabu kabla ya kuwa sarufi. Maandishi ya khanga yanakwenda mbali zaidi, kwa kuwa maana yake hukamilika kwa kujua nani amemvalia nani, na mjadala wake huweza kuchukua kipindi kizima bila mwalimu kulazimisha mtu kuzungumza.

Stadi inayosahauliwa kuliko zote ni kusikiliza, na chanzo chake si siri: mitihani ya taifa huandikwa, na kisichotahiniwa hukosa zana. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilirusha masomo kwa redio na televisheni, lakini redio hiyohiyo haijawa kifaa cha kawaida cha somo la lugha. Taarifa ya habari ya dakika tano, iliyorekodiwa kwenye simu ya mwalimu na kuchezwa mara mbili, inatosha kwa zoezi la kusikiliza na kusimulia, tena humletea mwanafunzi wa Sumbawanga sauti ya mtu wa Unguja na lafudhi ambayo kitabu hakiwezi kuichapa.

Kuhusu vifaa vya kidijitali, jaribio lililofanyika mkoani Tanga lina mengi ya kufundisha. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji takriban 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule, walipewa kuanzia mwaka 2017 vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 sehemu kubwa walikuwa wamepiga hatua, na mwaka 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Mafanikio hayo ni ya kuheshimiwa, na yametokana kwa sehemu kubwa na uamuzi wa kuandaa masomo kwa lugha ambayo watoto wanaisikia kijijini. Kishikwambi hata hivyo hufundisha vizuri pale penye jibu moja sahihi, kama kutambua silabi, na hushindwa pale penye mazungumzo, kwa kuwa hakikasiriki, hakimwelewi vibaya mtoto, wala hakimlazimu aeleze tena kwa maneno mengine. Walimu wa Tanzania waliogawiwa vishikwambi baada ya Sensa ya 2022 wangefaidika zaidi kwa kuvifanya vinasa sauti na maktaba ndogo kuliko kuvitarajia vishike nafasi yao.

Yote haya yanakutana na darasa lenye wanafunzi 90, madawati yasiyotosha na nakala chache za kitabu. Katika hali hiyo, zana ambayo mwalimu ameishika mbele huonwa na safu mbili tu, na ndiyo maana zana zinazotengenezwa na wanafunzi wenyewe zina thamani zaidi kuliko zinavyopewa katika vyuo vya ualimu. Njia moja ni mwalimu kuandika kwenye manila kisa kinachosimuliwa na darasa lenyewe, tuseme cha mbuzi aliyeingia ofisini mwa mwalimu mkuu, akisahihisha upatanisho kwa upole huku maneno yakibaki yao. Kesho yake kisa hicho huwa matini ya kusoma, na hata mtoto wa safu ya mwisho hukifahamu kwa sababu alikuwapo kilipotungwa. Mradi wa African Storybook wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini umeipanua njia hiyo kwa kuruhusu hadithi za watoto, zikiwamo za Kiswahili, zisomwe, zitafsiriwe na kubadilishwa bila malipo, hivyo mwalimu mwenye simu anaweza kupata hadithi ya mahali pengine na kuiweka katika maneno ya kijiji chake. Visa vya darasa vikifika 10, hukunjwa, hushonwa kwa uzi wa gunia na kutiwa jalada la boksi, na wanafunzi wa mwaka unaofuata huanza kusoma kwa kitabu chenye majina ya kaka na dada zao, kisha hudai nao wapewe manila yao.